MTOTO MELINI: AWE MSAFIRI, ASIWE MZIGO

Zamani meli kubwa za matembezi zilipotia nanga Kilindini, sisi wenyeji wa pwani tulikuwa watazamaji. Wageni waliteremka ngazi, wakanunua vinyago na vikoi, wakatembezwa Ngome ya Yesu na Mji wa Kale, na jioni meli ikang'oa nanga ikenda zake. Safari yetu ya bahari ilikuwa safari ya haja: Lamu kwa Maulidi, Pemba kwa arusi, Unguja kwa matanga, au Bombay kwa biashara na matibabu katika meli kama Karanja na Kampala za kampuni ya British India. Kupanda chombo kwa ajili ya kupunga upepo tu, na watoto wote nyuma, halikuwa jambo la watu wa kadiri yetu.

Mambo hayo yamegeuka. Nyumba nyingi za Mombasa, Malindi na Lamu zina jamaa Arabuni, na katika miaka hii ya karibuni meli za kitalii zimekuwa zikianzia safari zake Dubai, Abu Dhabi na Doha katika miezi ya baridi ya huko. Mwezi wa Desemba 2024 Saudia nayo ilianzisha meli yake, Aroya, iliyoanzia Jeddah, na humo pombe haiuzwi. Basi ami aliye kazini huko hupiga simu: leteni watoto wakati wa likizo, twende baharini siku chache. Na nyumba nzima huingia katika pilikapilika.

Sisi hatuilaumu safari hiyo. Aliyeruzukiwa na atembee, na watoto waone dunia ya Mwenyezi Mungu. Tunalotaka kulisema leo ni juu ya maandalizi. Twaona wazazi wakijishughulisha na masanduku, viatu na nguo za kupigia picha, na mtoto mwenyewe haambiwi neno ila "tutapanda meli kubwa". Huchukuliwa kama furushi, hupandishwa kama furushi, na pindi likitokea la kutokea huwa furushi lililopotea. Mtoto wa safari yapasa aandaliwe kabla ya sanduku lake.

Walinena wahenga kuwa bahari haishi zinge. Watu husema meli hizi ni hoteli zinazoelea. Lakini hoteli ikishika moto wakaao humo hukimbilia njiani, na njiani ni nchi kavu. Usiku wa tarehe 13 Januari 2012, meli ya Costa Concordia, yenye watu zaidi ya 4,200, iligonga mwamba karibu na kisiwa cha Giglio, Italia. Watu 32 walikufa, na miongoni mwao mtoto wa miaka mitano. Abiria waliopanda jioni ile katika bandari ya Civitavecchia walikuwa hawajafanya zoezi la kujiokoa, kwani sheria ya wakati ule iliruhusu zoezi lifanywe ndani ya saa 24 tangu kuondoka. Sheria ya kimataifa ikabadilishwa: tangu tarehe 1 Januari 2015 abiria wapya sharti wafanye zoezi kabla meli haijang'oa nanga au mara tu ing'oapo.

Nasi hatuna haja ya kwenda Italia kutafuta mazingatio. Feri ya Mtongwe ilizama tarehe 29 Aprili 1994, wakafa watu 272. Spice Islander ilizama Septemba 2011 baina ya Unguja na Pemba, imejaa kupita kiasi, na mamia ya watu wakapotea. Skagit ikafuata Julai 2012 karibu na Chumbe. Kila nyumba ya pwani yajua jina la mtu.

Kwa hiyo somo la kwanza la mtoto ni zoezi hilo. Ishara ya hatari melini ni honi saba fupi na ya nane ndefu. Mtoto wa miaka minne aweza kuijua akifundishwa kwa kupiga makofi sebuleni: saba fupi, moja refu, kisha wote wanasimama na kumfuata mama hadi mahali mlipoafikiana. Mkicheza mchezo huo wiki nzima kabla ya safari, honi ya kweli haitamtoa roho.

Na mkiisha kupanda, zoezi msilikwepe. Katika meli nyingi siku hizi abiria hutazama mafundisho kwenye televisheni ya chumbani au kwenye simu, kisha huenda mwenyewe kwenye kituo chake cha kukutania akaandikwa kuwa amefika. Wepesi huo una hila ndani yake. Baba hukimbilia kituoni, akamaliza jambo, na watoto wako kwenye birika la kuogelea wala hawajui kituo chao kiko upande gani. Twendeni na watoto wote, kwa miguu, kwa ngazi na si kwa lifti, kwa kuwa wakati wa hatari lifti haitumiwi. Mtoto ahesabu ngazi mwenyewe. Asome nambari ya kituo, na kama meli yatoa bangili yenye nambari hiyo, aivae mpaka siku ya kuteremka.

Jaketi la kuokolea maisha nalo liulizwe siku ile ile ya kwanza. La mtu mzima halimfai mtoto, kwani humchopoka akiingia majini. Kwa safari ya saa 24 au zaidi, sheria ya kimataifa yailazimisha meli kuwa na jaketi la kila mtoto na la kila mchanga. Hivyo ukiliomba huombi hisani. Mvishe, mfunge, mwache alizoee.

Tukija kwenye umri, watoto si wamoja. Mchanga kwanza huulizwa kama atapokewa: kampuni nyingi hazimchukui aliye chini ya miezi sita, na kwa safari ndefu za kuvuka bahari kuu hutaka awe ametimiza mwaka. Mtoto avaaye nepi, katika meli nyingi, haruhusiwi kuingia birika la watu wote. Tena yako mabirika yasiyo na mlinzi. Mlinzi ni wewe, na simu yako iwe mfukoni. Chumba kikiwa na roshani, kiti au meza isiachwe karibu na ukingo, maana mtoto wa miaka mitatu hupanda alichokiona.

Wa miaka mitatu hadi minane huwa na chumba chao cha michezo chenye walezi. Hapo fundisho ni moja: haondoki na mtu yeyote ila baba au mama, na akipotea asimame alipo, amwendee mtumishi mwenye sare na kutaja jina lake kamili na nambari ya chumba. Ajue jina la baba yake pia. Wangapi kati ya wetu wamjua baba kwa "Abu" tu?

Shughuli hasa iko kwa wale wa miaka tisa hadi kumi na miwili, vigori na wavulana wa makamo yao. Hawa si wadogo wa kushikwa mkono, wala si wakubwa wa kuachiwa. Katika meli nyingi mzazi hutakiwa kusema kama mtoto wa umri huo aweza kujitoa mwenyewe katika klabu ya watoto akatembea peke yake. Watu hutia sahihi wamesimama kwenye foleni, pasi na kufikiri. Jambo hilo liamuliwe nyumbani, mtoto akiwapo na akisikilizwa. Ukimpa uhuru, mpe na mipaka yake: watembee wawili wawili, wasiingie chumba cha mtu yeyote, awe abiria au mtumishi wa meli, hata akiwa mcheshi namna gani, na saa za kukutana zijulikane. Sisi tumeshapewa saa hizo. Adhuhuri, Alasiri na Magharibi kila mtu awe chumbani, wasalipo pamoja, wahesabiwe pamoja. Tena wakubwa hawa wapewe kazi ya kweli: mmoja ashike karatasi ya kituo cha kukutania, mwingine awe na dhamana ya jaketi la mdogo wake. Mwenye amana huwa macho.

Wakubwa hao pia waelezwe habari ya fedha. Melini hulipi kwa noti. Kila kitu huandikwa kwenye kadi iliyofungamana na mkoba wa baba. Soda, michezo, barafu ya rangi, vyote huandikwa, na hesabu huja siku ya mwisho. Mzazi aweza kuomba ofisi ya meli iwekee mpaka kadi ya mtoto, naye aombe kabla ya usiku wa kwanza. Simu ziwekwe katika hali ya ndegeni tangu meli iondokapo, kwani mtandao wa baharini hupitia setilaiti na gharama yake ni ya kutisha.

Kuhusu kulevywa na bahari, ijulikane kuwa watoto wa miaka miwili hadi kumi na miwili ndio wapatwao zaidi, na mchanga wa chini ya miaka miwili aghalabu husalimika. Ukiweza kuchagua, chukua chumba cha katikati ya meli na cha chini, ambako mtikiso ni mdogo kuliko omo na tezi. Mtoto akianza kubadilika rangi, mtoe nje apigwe na upepo, atazame mbali pale mbingu na bahari zinapokutana, aache simu na kitabu. Apewe chakula kikavu kidogo kidogo na chai ya tangawizi. Dawa aulizwe daktari kabla ya safari, maana ziko zisizofaa watoto wadogo. Na ugonjwa wa kuhara na kutapika, ambao huenea upesi melini, kinga yake ni mikono kuoshwa kwa maji na sabuni kabla ya kila mlo. Ile dawa ya kupaka mkononi peke yake haitoshi.

Chakula chetu kisemwe mapema, wakati wa kukata tikiti, wala si mezani njaa imekwisha kuuma. Na kwa kuwa watoto watakula na wenzao mbali na macho yetu, wafundishwe kuuliza kwa adabu: hii ni nyama gani? Peremende na jeli nyingine hutengenezwa kwa jelatini ya nguruwe. Mtoto ajuaye kuuliza hatahitaji kulindwa kila dakika. Sala nayo ina hukumu zake za safari, za kupunguza na kujumuisha, na za kibla katika chombo kigeukacho. Wazazi wamwendee mwalimu wao kabla ya kuondoka, waende na watoto wakasikie wenyewe. Ile dua ya kupanda chombo, tuliyofundishwa chuoni kwa kisa cha Nabii Nuhu, wakubwa waihifadhi na wadogo waitikie.

Karatasi sitaziacha. Kila mtoto awe na pasipoti yake, yenye muda wa miezi sita au zaidi uliobaki. Meli ikitoka Dubai ikaenda Muscat na kurudi, umetoka katika nchi na kuingia tena. Viza ya kuingia mara moja tu yaweza kukukwamisha bandarini na watoto wakilia. Anayesafiri na watoto bila ya mwenzake achukue barua ya idhini. Cheti cha homa ya manjano huweza kutakiwa kwa watokao Kenya. Chanjo hutolewa kuanzia miezi tisa, na cheti hakianzi kufaa mpaka siku kumi zipite. Vitu hivyo vyote, pamoja na dawa na nguo za siku ya kwanza, viwe katika mkoba wa mkononi, kwani masanduku huchukuliwa na wapagazi na yaweza kufika chumbani usiku.

Yuko atakayetuambia: mbona mwawatia watoto hofu kwa safari ya furaha? Tumjibu. Mtoto huogopa asichokijua. Aliyeonyeshwa njia, akavishwa jaketi na kuambiwa sababu yake, hulala usingizi wake wote. Baharia hodari si yule asiyetaja tufani, ni yule aliyekagua tanga na kamba kabla ya kutweka.

Wala msingojee Dubai. Anzeni Likoni. Mkivuka feri Jumapili hii, waulizeni watoto: maboya yako wapi, na njia ya kutokea iko wapi? Mkitoka Mokowe kwenda Lamu, msikubali mashua iondoke mtoto hajavaa jaketi, hata nahodha akinuna. Mtoto aliyezoea kuuliza hayo kwenye maji ya nyumbani atayauliza popote. Wabillahi taufiki.