Simu Ikizima, Njia Unaijua? GPS na Ramani ya Karatasi kwa Vijana Wetu Waendao Ulaya



Ndugu wasomaji, wazazi na wanafunzi, leo ningependa tuzungumzie jambo ambalo wengi huliona dogo mpaka siku linapowafika. Kijana wetu anapokwenda kusoma au kutembea Ulaya, ategemee GPS ya simu yake, au abebe ramani ya karatasi?

Sisi wa Rusizi hatuna haja ya kwenda mbali ili kulielewa. Simama karibu na daraja la Rusizi ya Kwanza, uitazame simu yako. Mara nyingi, kabla hujavuka kwenda Bukavu, simu imeshakamata minara ya Kongo na bando ulilonunua Kamembe limekuwa halina kazi. Miguu ingali Rwanda, simu imeshahama! Hapo hapotei mtu, kwa sababu sote njia tunaijua. Lakini je, kijana aliyeshuka kwenye ndege peke yake, katika nchi ya baridi, asiyemjua yeyote?

Mpwa wangu alikwenda kusoma Liège, Ubelgiji. Alifika mwezi wa Januari akiwa na laini ya simu ya nyumbani, na anwani ya anakokwenda imo ndani ya simu. Kipande cha karatasi hana. Alitakiwa abadilishe treni katika mji wa Leuven. Baridi ikaimaliza betri, simu ikazima. Akakaa stesheni na sanduku lake akingoja treni iliyoandikwa Liège. Ikapita moja, ikapita ya pili, na zote mbili zimeandikwa Luik. Mwishowe akamwona mama mmoja amevaa hijabu, akamtolea salamu, akamweleza shida yake kwa Kifaransa. Yule mama akamwambia: "Mwanangu, Luik ndiyo hiyo hiyo Liège. Huku ni upande wa Kiholanzi."

Ndivyo Ubelgiji ilivyo. Mji mmoja una majina mawili, na kibao huandikwa kwa lugha ya sehemu uliyopo. Mons huitwa Bergen, na Antwerpen huitwa Anvers. Hata Lille, ambayo iko Ufaransa, Waholanzi huiita Rijsel. Ramani nzuri ya karatasi huandika majina yote mawili. Laiti mpwa wangu angeitazama kwa nusu saa tu kabla ya safari, asingeziacha treni mbili zimpite.

Sitaki nieleweke vibaya. GPS ni neema kubwa. Satelaiti zake ziko juu kiasi cha kilomita 20,000, na kifaa chako kinahitaji ishara za satelaiti nne ili kijue kilipo. Wengi wetu hawajui kwamba ishara hizo ni za bure na hazihitaji intaneti kabisa. Kinachokula bando ni ile picha ya ramani. Ukiipakua ramani ya mji mzima ungali nyumbani, simu itakuonyesha ulipo hata bila laini. Zaidi ya hayo, kwa kutumia intaneti simu inaweza kukuambia barabara iliyofungwa na saa ya basi, mambo ambayo karatasi haiwezi.

Na karatasi nayo ina aibu zake. Ramani huzeeka. Ramani ya Rwanda iliyochapishwa kabla ya mwaka 2006 bado itakuandikia mikoa ya Cyangugu, Gisenyi na Butare, wakati wilaya zetu leo ni Rusizi, Rubavu na Huye. Tena si kila ramani imechorwa kwa vipimo. Ile ramani maarufu ya treni za chini ya ardhi za London, iliyobuniwa na Harry Beck na kutolewa mwaka 1933, inaonyesha mpangilio wa stesheni na njia, si umbali wa kweli. Mgeni anaweza kulipa nauli kutoka Leicester Square hadi Covent Garden, kumbe ni mwendo wa chini ya mita 300 kwa miguu.

Basi tatizo liko wapi? Kwa maoni yangu, liko katika kuikabidhi simu akili zetu zote. Mwezi Januari 2013 magazeti yaliandika habari za mwanamke mmoja Mbelgiji aliyekusudia kwenda Brussels. Alifuata kifaa chake cha njia mpaka akajikuta Zagreb, Kroatia, zaidi ya kilomita 1,000 kutoka kwao! Kifaa kilisema, naye akafuata, wala vibao vya nchi alizopita havikumshtua. Kinyume chake, madereva wa teksi wa London hutakiwa kuhifadhi kichwani mitaa ipatayo 25,000 kabla ya kupewa leseni. Utafiti uliochapishwa mwaka 2000 ulionyesha kwamba sehemu ya ubongo inayohusika na kumbukumbu za mahali ilikuwa kubwa zaidi kwao kuliko kwa watu wengine.

Hili linatugusa hata katika swala. Kutoka hapa kwetu Rusizi, Makka iko kaskazini, ikiinama kidogo mashariki. Kutoka Brussels iko kusini-mashariki. Kijana aliyezoea kuiuliza simu tu, simu ikizima atageukia wapi? Lakini aliyejifunza ramani anajua pande zake. Anajua pia kwamba mwezi wa Desemba jua la Brussels huchomoza kusini-mashariki, karibu na upande wa kibla. Tazama jinsi elimu ndogo inavyomtosha mtu!

Kwa hiyo, wazazi wenzangu, kabla mtoto hajaondoka nawaombeni tufanye haya:

1. Aandike kwenye karatasi anwani kamili ya anakokwenda, namba za simu za wenyeji wake, na jina la kila mji wa njiani kwa lugha zote zinazotumika huko. Karatasi hiyo ikae mfukoni, si ndani ya sanduku.

2. Apakue ramani ya mji kwenye simu akiwa nyumbani, na abebe betri ya akiba.

3. Mkae naye mezani na ramani ya karatasi. Aoneshe kwa kidole stesheni, chuo, msikiti na mto. Kisha mfunike ramani, aeleze njia kwa mdomo.

4. Afundishwe kuuliza bila haya. Hapa Kamembe tunaelekezana kwa msikiti, soko na duka la fulani, na kuuliza njia hakujawahi kumpunguzia mtu heshima.

Simu iwe mtumishi na ramani iwe mwalimu, lakini anayesafiri ni kijana mwenyewe. Mpwa wangu sasa hutembea na karatasi yake mfukoni, na simu anayo vilevile.

Mwenyezi Mungu awahifadhi watoto wetu popote walipo na awarudishe kwetu salama. Amin.

Wabillahi tawfiq.