Kijana wa Dumila Akasome Mji Gani?

Ndugu zetu wa Dumila wajua maana ya kuchagua njia. Hapo ndipo barabara iendayo Kilosa na Mikumi inapoiacha ile kubwa itokayo Morogoro kwenda Dodoma, na abiria asiyeuliza hujikuta amefika kwa watu asiowajua. Yatushangaza, basi, kuona wazazi wa pande hizo wakimpeleka kijana ng'ambo kusoma bila ya kuuliza habari za mji anaokwenda kukaa. Wakala huja na jina la chuo na picha za majengo; mzazi huuliza ada tu, kisha hutafuta mnunuzi wa shamba.

Sisi twasema mji uulizwe kwanza. Mzazi auzaye mpunga, au ekari alizoachiwa na babake, hanunui cheti peke yake. Amnunulia mwanawe chumba, chakula, nauli ya basi na koti la baridi, kwa miaka 3 au 4, kwa fedha ambazo si shilingi. Ada ya chuo huandikwa katika karatasi ya wakala. Kodi ya chumba haiandikwi.

Tutazame Ujerumani, nchi ambayo sifa yake ni kwamba vyuo vikuu vya serikali havitozi ada. Sifa hiyo ni kweli kwa sehemu kubwa, lakini si kwa kila mji. Jimbo la Baden-Württemberg, ambalo mji wake mkuu ni Stuttgart, lilianza mwaka 2017 kuwatoza wanafunzi watokao nje ya Umoja wa Ulaya euro 1,500 kwa kila muhula. Chuo Kikuu cha Ufundi cha Munich nacho kikaanza kuwatoza mwaka 2024. Kijana huyo huyo akienda Hamburg, halipi ada hiyo katika vyuo vya serikali, ingawa kodi ya chumba cha Hamburg ni ya kumtoa mtu machozi. Na kabla hajapewa viza hutakiwa kuonyesha kwamba ana fedha za kujilisha mwaka mzima, zimefungiwa katika benki: mwaka 2024 kiasi hicho kilipandishwa kuwa euro 11,904, yaani zaidi ya shilingi milioni 30. Ni wakulima wangapi wa Kilosa walio nazo?

Waingereza nao wamekiri jambo hili katika sheria yao ya viza: mwanafunzi aendaye London hutakiwa kuonyesha fedha nyingi zaidi za kila mwezi kuliko yule aendaye Glasgow au mji mwingine wowote wa nchi hiyo. Wenye mji wenyewe wanasema ni ghali, na bado vijana wetu hung'ang'ania London kwa sababu jina lake lasikika vizuri kijijini. Mwalimu Nyerere alisoma Makerere, Kampala, kisha tangu 1949 hadi 1952 akawa Edinburgh. Hatukusikia mtu akisema elimu yake ilipungua kwa kutosoma London.

Lakini mji si gharama tu. Mwanzoni mwa 2016, huko Bengaluru, India, msichana wa Kitanzania aliyekuwa mwanafunzi alipigwa na kundi la watu kwa sababu ya ajali ya gari iliyofanywa na mtu mwingine kabisa. Mwaka 2020 wanafunzi wetu walifungiwa vyumbani Wuhan kwa ajili ya maradhi. Mwaka 2022 ilikuwa Ukraine, na Aprili 2023 ikawa Khartoum, ambako Serikali ilibidi iwatoe katikati ya vita. Hatusemi kwamba mzazi wa Dumila angeweza kuyatabiri hayo. Twasema ajue ubalozi wetu uko wapi, ajue kama katika mji huo wamo Watanzania wa kumpokea mwanawe, na nauli ya kurudi iwekwe kando tangu siku ya kwanza, isiguswe.

Tena, si lazima kwenda mbali. Oktoba 1961 Chuo Kikuu chetu kilianza na wanafunzi wachache wa sheria ndani ya jengo la TANU, Dar es Salaam, maana nchi ilikuwa haina mahali pengine. Leo kutoka Dumila ukipanda basi upande mmoja wafika Dodoma, penye chuo kikuu tangu 2007; upande wa pili wafika Morogoro, kwenye Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine, ambako vijana wa nchi nyingine za Afrika huja wakiwa wageni. Hao wameuchagua mji wetu. Kwa kijana atakaye kusoma kilimo, kumpitisha hapo na kumpeleka ng'ambo kwa fedha za shamba ni jambo ambalo hatulielewi.

Kwa yule ambaye somo lake halipatikani hapa, na aende. Ila kwanza Tume ya Vyuo Vikuu iulizwe kama shahada hiyo inatambuliwa, nalo swali hilo liulizwe kabla ya shamba kuuzwa, si baada ya kijana kurudi. Kisha wakala aandike kwa mkono wake kodi ya chumba katika mji ule, lugha ya kufundishia, na saa za kazi ambazo sheria ya huko humruhusu mwanafunzi. Akikataa kutia sahihi, mzazi asimpe hata senti.