Maarifa ya Vipande Hayamfai Mgonjwa

Muhula uliopita mwanafunzi mmoja wa darasa langu alianguka kifafa somo likiendelea. Wenzake walitawanyika wakihofu kuambukizwa na povu. Mmoja wao alinijia mbio na kijiko, akitaka tumtie mgonjwa kinywani asije akaumeza ulimi. Nami, mwalimu wa miaka mingi, nilisimama kama gogo. Fedheha hiyo ndiyo iliyonipeleka kwenye intaneti usiku ule.

Habari sikuzikosa, zilinizidi. Ukurasa mmoja ulieleza maana ya kifafa, ukaishia hapo. Wa pili ulitaja madhara ya dawa tu. Wa tatu ulinadi mizizi iponyayo kila ugonjwa. Shirika la Afya Duniani (WHO) lina maelezo ya kuaminika, lakini lugha zake rasmi ni sita, na Kiswahili si mojawapo.

Nilikesha nikiunga vipande. Hapa nilisoma kwamba mgonjwa huondolewa vitu vya kumwumiza, akalazwa ubavu, wala hashikwi kwa nguvu wala kutiwa chochote kinywani. Pale nikaona kwamba akitukutika zaidi ya dakika 5, akimbizwe hospitalini. Kwingine ndiko nilikojua kuwa kifafa hakiambukizi. Kwamba watu wapatao milioni 50 duniani wanacho. Na kwamba hadi asilimia 70 yao wangeweza kuishi bila kuanguka wakipata matibabu yafaayo.

Je, asomaye kipande kimoja tu itakuwaje? Aliyeishia kwenye madhara ya dawa huenda akaziacha, na kuacha dawa za kifafa ghafla huweza kumzidishia mgonjwa hatari.

Wako watakaosema wanafunzi wetu wanajua Kiingereza, basi na wasome. Nakubali, lakini ukurasa ulioandikiwa mji ambamo gari la wagonjwa hufika upesi haumwambii mwalimu wa kijijini afanye nini ikiwa chombo cha pekee ni bodaboda.

Wahenga walituasa tusiache mbachao kwa msala upitao. Muuguzi wa zahanati ya karibu ndiye mbacha wetu. Kila shule na imwalike, ikusanye naye maelezo kamili ya maradhi yanayowapata wanafunzi, iyaandike kwa Kiswahili sanifu na kuyabandika ukutani. Nasi walimu tuwafunze vijana kuuliza mbele ya kila ukurasa: Nani ameuandika? Lini? Je, anauza kitu?

Mwanafunzi wangu alirejea baada ya juma moja, akakuta dawati lake limesukumwa pembeni, peke yake. Walioliondoa hawakuwa watoto wabaya. Walijua nusu ya jambo, na sisi tuliopaswa kuwapa nusu ya pili hatukuwa nayo.