Masafa ya simu za upepo yatumiwe kwa ushirika

Usiku uingiapo katika mitaa ya Eastlands, kuanzia Buruburu na Umoja hadi Kayole na Dandora, usalama wetu huwa mikononi mwa mabawabu wa kampuni za kibinafsi. Wengi wao hawana bunduki. Wana rungu, tochi na simu ya upepo ya kuitia msaada. Mimi, mkaazi wa mitaa hii, nimewasikia mara nyingi langoni wakibonyeza kitufe na kungoja, kwa kuwa njia imeshikwa na mwenzao anayeripoti zamu. Mwizi naye hangoji.

Wapo wanaodhani dawa ni kuiomba Mamlaka ya Mawasiliano masafa zaidi. Sikubaliani nao. Masafa, mithili ya ardhi, hayaongezeki. Kasoro imo katika ugavi. Tuseme kampuni tano zina njia moja moja. Ya kwanza ikilemewa, walinzi wake hupanga foleni ilhali njia nne za majirani zi kimya. Benki zililitambua kosa hili zamani, zikaweka foleni moja kwa makarani wote.

Mitambo ya kushiriki njia hufanya vivyo hivyo. Kompyuta humpa anayeita njia yoyote iliyo wazi. Akimaliza, hurudi kwenye kapu la wote. Mwito wa dharura huweza kutangulizwa. Isitoshe, mitambo ya dijitali aina ya DMR, ambayo kanuni zake zilitolewa Ulaya mnamo 2005, hubeba mazungumzo mawili katika upana wa kilohezi 12.5, ambapo mitambo ya kale hubeba moja.

Wenye kampuni watahofu kwamba washindani watasikia siri zao. La hasha, kompyuta hutenga kila kundi. Wengine watasema simu ya mkononi yatosha. Hiyo kwa kawaida humwita mtu mmoja, ilhali simu ya upepo huwaamsha walinzi wa mtaa mzima kwa mbonyezo mmoja.

Hoja yenye uzito ni gharama. Kampuni ndogo ya Kariobangi haiwezi kununua mitambo hii peke yake. Kwa hivyo naisihi Mamlaka izipunguzie ada ya masafa kampuni zitakazoungana, nazo kampuni zichangie mtambo mmoja. Kidole kimoja hakivunji chawa.