Kabla ya kuomba farasi, tutafute kwanza mtu wa kumchunga

Ndugu wakulima wa Mutoshi na wa pembeni ya Kolwezi, katika mikutano ya koperative kuna neno linalorudi kila mara siku hizi: "Batuletee farasi." Sababu yake naielewa. Mashamba yako mbali. Kinga inabeba magunia mawili, na mwenye kuisukuma anafika nyumbani akiwa hana mgongo. Wamama wanabeba mihogo kichwani, na ukikodi gari, bei ya gari inakula faida yote kabla gunia halijafika soko. Mnyama wa kuvuta mkokoteni angetupunguzia mateso, hilo halina ubishi.

Lakini mimi nasema wazi: tusiombe farasi. Na hata punda tusimuombe mpaka kila koperative iwe na watu wawili wanaojua kumtazama mnyama huyo akiwa mzima na akiwa mgonjwa. Feza ya kumnunua ni feza ya wote. Akifa masika ya kwanza, deni linabaki na kinga inarudi barabarani.

Wengine wananijibu: "Kule Lubumbashi bako na farasi, na habafwe." Sawa. Farasi wa mjini anayelala ndani, aliyedungwa chanjo, anayeletewa majani mpaka mdomoni na mwenye daktari wa kuitwa kwa simu, huyo ni mambo mengine. Afrika yetu ina ugonjwa wake wa farasi, unaoletwa na virusi. Unabebwa na usubi, vile vidudu vidogo kuliko mbu vinavyotoka kwenye tope na maji yaliyosimama, na vinauma zaidi kuanzia jua linapozama hadi asubuhi. Farasi anapata homa, anapumua kwa shida, povu linatoka puani, au panavimba pale juu ya macho penye kashimo. Wengine asubuhi wanaonekana wazima na kesho yake wamekufa. Kati ya farasi kumi wasio na chanjo wanaoshikwa na ugonjwa huo, saba hadi tisa wanaweza kufa. Dawa ya kuuponya hakuna. Kuna chanjo, inayotengenezwa Afrika Kusini, na inataka baridi njia nzima mpaka inapodungwa. Nani kwetu ana friji ya kuaminika masika, umeme ukikatika?

Nyumbu aliyezaliwa na punda na farasi anavumilia kidogo, ila karibu nusu yao wanakufa. Punda wa Afrika mara nyingi unampita bila hata kuonyesha dalili. Njo maana nasema tukichagua, tuchague punda. Hana sifa, watoto watamcheka, lakini anaishi.

Anaishi akichungwa, lakini. Mwaka 1866 Livingstone alishuka pwani ya Mikindani, kusini mwa Tanzania ya leo, akiwa na ngamia, nyati wa kufugwa kutoka Uhindi, nyumbu na punda. Alitaka kuona kama wangevumilia mbung'o, ile nzi ya malale. Wakafa mmoja mmoja njiani. Yeye mwenyewe aliandika kwamba watu waliopewa kazi ya kuwachunga waliwapiga, waliwabebesha kupita kiasi na kuwaacha na vidonda, hata ikawa vigumu kusema kama aliyewaua ni nzi au ni mtu. Mwaka 1871 alifika Nyangwe, kando ya Lualaba hii yetu, na wanyama wake walikuwa wamekwisha zamani. Miaka zaidi ya 150 imepita, na kila nikisikia mtu akisema punda anahitaji fimbo tu, nawakumbuka ngamia wale.

Malale yanashika punda pia. Hafi kwa siku moja: anakonda ingawa anakula, ufizi unakuwa mweupe, chini ya tumbo panavimba, kazi ya jana leo haiwezi. Watu wanasema "iko muvivu." Si muvivu, damu yake imekwisha. Na hapa niseme jambo ambalo wauza dawa wa sokoni hawatasema: sindano ya malale ya ng'ombe, ukimdunga punda au farasi kwa kipimo cha kukisia, inaweza kumuua wewe ukiwa umemshika kamba. Daktari wa mifugo ndiye wa kupima uzito na kuchagua dawa.

Nije kwenye lile ninaloliogopa zaidi, kwa sababu liko ndani ya nyumba zetu. Mahindi yaliyoota ukungu sisi hatuli, tunatupia wanyama. Kwa punda na farasi hiyo ni sumu. Kuna ukungu fulani wa mahindi unaoharibu ubongo wao: mnyama anaanza kuyumba, anazunguka zunguka, anasukuma ukuta kwa kichwa, haoni, na baada ya siku chache au hata saa chache anakufa. Ng'ombe anaweza kula mahindi yale yale asionyeshe kitu, na hapo njo tunadanganyika. Sharti liandikwe kwenye kitabu cha koperative: mahindi yenye ukungu, pumba yenye ukungu, hapana. Punda atosheke na majani makavu, na pumba kidogo tu siku ya kazi nzito. Chakula cha kuku cha dukani pia asikiguse, maana baadhi yake kina dawa inayomsaidia kuku na kuua moyo wa farasi.

Tumbo nalo. Farasi na punda hawawezi kutapika, kwa hiyo kinachokwama ndani kinakwama kweli. Farasi mwenye tumbo la kusokota anajitangaza: anapiga tumbo kwa mguu, anageuka kutazama ubavu, analala na kugaagaa, jasho linamtoka. Punda ananyamaza. Anasimama kando, kichwa chini, masikio yamelegea, chakula hagusi, mavi hakuna. Ukingoja agaegae kama farasi, umechelewa. Punda asiyekula siku moja tayari ni mgonjwa, hasa akiwa mnene, kwa maana mafuta ya mwili yanamwagika kwenye damu na kuharibu ini. Mtu wa kumchunga amjue akiwa mzima: anapumua mara ngapi akipumzika (kati ya 12 na 28 kwa dakika), ufizi wake una rangi gani, anakunywa ndoo ngapi. Termometre haina bei kubwa. Joto likipita 38.5, mpigie daktari, usingoje kesho.

Maji ya kwetu yana shida yake. Kando ya mto Musonoi kuna matope ya mabaki ya madini ya miaka mingi, kila mtu wa Kolwezi anayajua. Mnyama asinyweshwe pale wala kwenye mashimo penye wanaosha mawe. Apewe maji ya kisima, yale tunayokunywa sisi. Najua kuna mama atauliza kwa nini yeye achote maji ya punda, na ana haki ya kuuliza. Kazi hiyo ipangwe kwa zamu, wanaume ndani yake.

Tetanosi kwa Kiswahili inaitwa pepopunda. Farasi na punda wanashikwa nayo kwa urahisi sana: msumari kwenye kwato, kidonda cha mkanda, basi. Mwili unakakamaa, taya zinafunga. Chanjo ipo, na adungwe kabla ya siku ya kwanza ya kazi. Mkanda wa kifuani uwe mpana, umefungwa gunia au kitambaa laini. Kamba ya nailoni peke yake inakata kama kisu. Na punda asili yake ni nchi kavu, manyoya yake hayazuii mvua. Masika yetu bila paa na bila sakafu kavu yatamwozesha kwato.

Kuna watakaosema ng'ombe dume wawili wanatosha, na tunawajua zaidi. Penye ng'ombe wapo, sibishani nao.

Bei ya punda nayo si ya zamani, kwa sababu ngozi yake inatafutwa China kwa dawa. Kenya punda waliibwa sana mpaka serikali ikapiga marufuku machinjio yao mwaka 2020, na Februari 2024 wakuu wa nchi za Afrika, huko Addis Ababa, walikubali kusimamisha biashara hiyo. Kwa hiyo zizi liwe na mlango na kufuli.

Tukikubaliana, ombi letu kwa shirika libadilike: kwanza mafunzo ya watu wawili, mmoja wao awe mama, kisha chanjo na zizi, kisha punda wawili pamoja, maana punda wa peke yake anahuzunika na kuacha kula. Wanunuliwe mwezi wa tano, tope likikauka na majani yakiwa bado yapo, ili wazoee kazi na watu kabla ya mvua za mwezi wa kumi. Na kabla ya kusaini kitu chochote, mtu aende ofisi ya mifugo Kolwezi aulize daktari gani atakubali kuja Mutoshi barabara ikiwa tope, na kwa feza ngapi.