Mnunuzi wa nyumba Buhongwa aulize ethi kwanza

Anayetafuta nyumba ya kupangisha Buhongwa hukagua vigae, bati, maji na mita ya LUKU. Akikuta bafuni kumefungwa hita ya kuogea, bei anayokubali kulipa hupanda. Hapo ndipo hesabu za wawekezaji wengi wadogo zinapopinda.

Hita ya wati 5,500 kwenye umeme wa volti 230 huvuta ampea 24 hivi, na breka yake kwa kawaida ni ya ampea 32. Mtu aliyelowa maji huweza kuuawa na sehemu ndogo ya ampea moja. Kwa hiyo breka hiyo hulinda waya, haimlindi mpangaji.

Ethi ndiyo ingemlinda, lakini Mwanza ni mji wa mawe. Nondo ya ethi ikigonga mwamba haizami, na fundi mvivu huikata. Tuseme nyumba inategemea nondo hiyo peke yake, na ukinzani wake ni omu 20. Gawa 230 kwa 20: ni ampea 11.5 tu. Breka ya 32 haitaruka, na kila chuma kilichofungwa kwenye ethi hiyo kitabaki na umeme. Kwa ardhi ya namna hii RCCB ya miliampea 30 si anasa hata kidogo.

Kuunganisha vyuma vya bafuni kwa waya wa kijani na njano ni kazi nyingine. Lengo ni bomba, koki na hita viwe na volti ileile, ili anayeshika viwili kwa pamoja asigeuke njia ya umeme. Kwenye mabomba ya plastiki kazi hiyo hupungua sana. Hata Uingereza, tangu 2008, kanuni zinaruhusu kuiacha bafuni iwapo saketi zote zina kinga kama RCCB na mabomba ya chuma yamefungwa kwenye ethi kuu.

Kibaya kuliko vyote ni kufunga ethi ya hita kwenye nyutro. Nyutro ikikatika, volti 230 huingia kwenye hita na maji yake.

Mnunuzi aite fundi mwenye leseni ya EWURA, apate kipimo cha omu kwa maandishi. Muuzaji akikataa kupimiwa, gharama ya RCCB, waya na nondo za ziada itolewe kwenye bei.