Tupigane na yai kabla ya kiwavi

Kabla ya Lavington kuwa mtaa wa majumba ya fahari na kuta ndefu, sehemu kubwa ya ardhi hiyo ilikuwa shamba la wamisionari Wakatoliki wa St Austin's, waliokuwa miongoni mwa watu wa kwanza kupanda kahawa karibu na Nairobi. Leo wakazi wengi wa mtaa huo hukutana na kilimo penye kibanda cha mama mboga tu. Hapo mnunuzi hulikagua fungu la sukuma wiki, na akiona matundu, hulirudisha.

Mkulima analijua jambo hilo. Ndiyo sababu wapo wanaonyunyiza dawa mara kwa mara, wengine hata siku chache kabla ya kuvuna. Matokeo yake ni kwamba jani lisilo na tundu huenda likawa ndilo lenye sumu. Hatusemi kwamba dawa zote za viwandani hazifai. Tusemalo ni kwamba vita hivi hupiganwa vikiwa vimekwisha kuchelewa, kiwavi akiwa ameshashiba, ilhali chanzo chake ni yai la nondo.

Sumu peke yake haijatuokoa. Mwaka 1953, huko Java nchini Indonesia, ilibainika kwamba nondo mdogo anayeshambulia kabichi na sukuma wiki alikuwa hadhuriki tena na DDT. Tangu hapo amezizoea dawa nyingine nyingi. Nao viwavijeshi vamizi, walioingia Kenya mwaka 2017, huzaliwa na nondo ambaye mmoja tu aweza kutaga mayai zaidi ya 1,000 maishani mwake. Adui wa namna hiyo hamalizwi kwa kuua watoto wake. Sharti uzazi wenyewe uvurugwe.

Silaha mojawapo ya kazi hiyo imesimama uani kwa watu wa Pwani siku zote. Ni mwarobaini, ambao wengine huuita mkilifi. Mwaka 1959, nzige walipoivamia Sudan, mwanasayansi Mjerumani Heinrich Schmutterer aliona kwamba walikula kila kilichokuwa kibichi wakauacha mti huo. Mwaka 1968, wanakemia nchini Uingereza waliitenga kemikali ya mbegu zake iitwayo azadiraktini. Kuiunda upya katika maabara kuliwachukua wataalamu wa Cambridge miaka 22, hadi mwaka 2007. Mti wenyewe huiunda kila msimu.

Azadiraktini huvuruga homoni zinazomwezesha kiwavi kujivua ngozi na kukua. Wengi hufa kabla ya kuwa nondo, na majike wanaonusurika hutaga mayai machache, au yasiyoanguliwa. Isitoshe, wapo nondo wanaosita kutaga juu ya jani lililonyunyiziwa maji ya mbegu hizo.

Kadhalika, mimea hai yaweza kumhadaa nondo kwa harufu yake. Katika miaka ya 1990, kituo cha utafiti wa wadudu cha ICIPE, chenye makao yake Kasarani hapa Nairobi, kilishirikiana na wataalamu wa Rothamsted wa Uingereza kubuni kilimo ambacho desmodiamu hupandwa kati ya mistari ya mahindi ili kumfukuza nondo, na nyasi za napier hupandwa kandokando ili kumvuta akatage huko, ambako viwavi wake wengi hufa.

Hata hivyo, tusidanganyike kwamba kila kitokacho kwenye mmea ni salama. Utupa nao ni mmea, na wavuvi wameutumia tangu kale kuulia samaki. Maji ya mwarobaini nayo hupoteza nguvu upesi juani, hivyo anayeyanyunyiza saa sita mchana huenda akasema mti huo ni hadithi za wazee. Maarifa haya yahitaji vipimo, na mahali pa kujifunzia kupima ni shuleni.

Kwa hiyo twawageukia walimu. Mwanafunzi aweza kuchora hatua nne za maisha ya nondo na kupata alama zote, ilhali hajawahi kugeuza jani la sukuma wiki akayaona mayai. Jaribio la kumfunza halihitaji maabara ya fedha nyingi. Vyatosha vitalu viwili: kimoja kinyunyiziwe maji ya mbegu za mwarobaini jioni, kingine maji matupu. Kila wiki mayai na viwavi wahesabiwe na kuandikwa. Mti huu haupendi baridi ya Nairobi, basi shule za huku na ziombe mbegu kutoka kwa shule za Kilifi na Kwale, kisha zirudishe matokeo.

Wanafunzi wa Lavington hawatakuwa wote wakulima. Lakini wote watakuwa wanunuzi, na mnunuzi aliyekwisha kuhesabu mayai ya nondo kwa mkono wake hatalitupa fungu kwa sababu ya tundu moja. Siku mnunuzi atakapobadilika, mkulima naye atapata nafasi ya kuiweka chini pampu ya sumu. Wahenga walinena kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Ufa wetu ni yai, nalo liko chini ya jani.